Kutoa nyimbo kwenye CD na kuzipanga: mwongozo kwa mwenye katoni ya benga, ohangla na kwaya

Maswali ni yaleyale. "Nina katoni ya CD za mzee, nitazitiaje kwenye simu?" "Nimekopi nyimbo kutoka kwa CD hadi laptopu, mbona hazichezi?" "Mbona redio ya gari inaniandikia Track 01, Track 02 mpaka mwisho?" Nimeyajibu hapa yote pamoja, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili mtu wa Kondele, wa Mumias au wa Nakuru aanze leo na asilazimike kurudia mwaka ujao.

Jambo moja ulijue mapema. Kutoa nyimbo ni kazi ya kompyuta. Kazi yako wewe ni majina. CD ya msanii mkubwa wa Uingereza ukiitia, intaneti inakuletea majina ya nyimbo kabla hujakaa vizuri. CD ya ohangla uliyonunua stendi ya basi, au ya kwaya ya parokia fulani ya Bungoma, mara nyingi hakuna hifadhi yoyote ya majina mtandaoni inayoijua. Rekodi pekee ya majina hayo ni lile karatasi la jaketi ndani ya kasha la CD, nalo linafifia. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye majina na kupita haraka kwenye mengine.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye draivu ya CD au DVD. Laptopu nyingi za sasa hazina, kwa hiyo nunua draivu ya nje ya USB. Ukipata kompyuta kuukuu ya mezani iliyotoka ofisini, ichukue: draivu zake kubwa mara nyingi husoma CD zilizokwaruzwa vizuri kuliko zile nyembamba za laptopu.
- Nafasi. CD ya saa moja huchukua takriban MB 635 ikiwa haijabanwa. Kwa FLAC (fomati inayobana bila kupunguza sauti) hushuka hadi MB 300 au 400, kwa MP3 ya 320 kbps (kilobiti kwa sekunde) ni kama MB 144. Mwenye CD 200 atahitaji GB 60 hadi 80 za FLAC. Diski ya nje ya GB 500 inatosha na kubaki.
- Diski ya pili ya nakala. Usiniambie utanunua baadaye.
- Programu: Exact Audio Copy (EAC) kwa Windows, au fre:ac kwa Windows, Mac na Linux. Ya majina ni Mp3tag au MusicBrainz Picard. Zote kwa Windows ni za bure.
- Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, maji safi, na tone la sabuni ya vyombo.
- Bando dogo. Kuleta majina hakuli data. Picha za kava ndizo hula kidogo.

Kunakili CD yako ili uisikilize mwenyewe ni jambo moja. Kuchoma nakala na kuziuza kando ya stendi ni jambo lingine, na Sheria ya Hakimiliki inalikataza. Mwongozo huu ni wa lile la kwanza.

Hatua ya 1: Piga picha jaketi

Kabla ya kugusa diski, toa karatasi la jaketi, lilaze mezani karibu na dirisha, upige picha mbele, nyuma na ndani. Usitumie flashi ya simu. Plastiki na karatasi la kung'aa vitarudisha mwanga na kufuta maandishi uliyoyataka. Piga pia uso wa diski yenyewe, kwa sababu CD za hapa kwetu mara nyingi huwa na orodha moja kwenye jaketi na nyingine kwenye diski, na hazilingani. Zihifadhi picha zote kwenye folda yenye jina la albamu hiyo.

Watu huiruka hatua hii. Halafu jaketi linatafunwa na panya, na umebaki na nyimbo kumi na mbili za Kijaluo ambazo hata mjomba hakumbuki zinaitwaje.

Hatua ya 2: Jua una diski ya aina gani

Zote ni duara na zote zinang'aa, lakini zipo aina tatu, na kila moja ina njia yake. Itie kwenye draivu ufungue folda.

*CD ya muziki halisi.* Utaona faili kama Track01.cda, kila moja ikiwa na baiti 44 tu. Hizo si nyimbo. Ni vielekezi vinavyosema wimbo unaanzia wapi kwenye diski. Ndiyo maana ukizikopi hazichezi. Diski hizi ndizo zinazohitaji EAC au fre:ac, endelea na hatua ya 3.

*CD ya data.* Utaona faili za MP3, pengine 100 au zaidi, zile za "Best of Rumba" zilizochomwa saiba. Hizi unazikopi tu kama faili nyingine yoyote, kisha uruke hadi hatua ya 6. Usizigeuze kuwa FLAC. Sauti iliyokwisha kukatwa haiwezi kurudi, utajaza diski bure.

*VCD.* Hizi ni nyingi mno magharibi mwa Kenya, kwa sababu muziki wetu mwingi uliuzwa na video yake. Ukiona folda inayoitwa MPEGAV na ndani yake faili kama AVSEQ01.DAT, ni VCD. Ikiwa ni VIDEO_TS, ni DVD. Kwa VCD, kopi faili za DAT kwenye kompyuta, zifungue kwa VLC, na utumie sehemu yake ya "Convert / Save" kutoa sauti peke yake. Sauti ya VCD ni ya 224 kbps tangu kiwandani, kwa hiyo MP3 ya 256 au 320 inaitosha. Weka video pia. Huenda siku moja ukataka kuwaona wale wachezaji.

Hatua ya 3: Safisha na kukagua

Pangusa upande wa chini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe kitambaa kama unayepangusa sahani: mkwaruzo unaofuata mzunguko wa nyimbo hufunika data nyingi mfululizo, na draivu hushindwa kuirekebisha. Vumbi gumu au mafuta ya mkono, tumia maji na tone la sabuni, kisha ikauke kabisa.

Sasa iinue diski mbele ya balbu. Ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, hapo tabaka linaloakisi limetoka. Watu hudhani upande wa chini ndio dhaifu. Ni kinyume. Chini kuna plastiki ya karibu milimita 1.2, juu, kwenye maandishi, kuna rangi nyembamba tu. Mkwaruzo wa chini unaweza kusuguliwa ukapungua, wa juu ukishafika kwenye tabaka hilo hakuna dawa. Kwa hiyo pia acha kuandika juu ya CD kwa kalamu ya biro.

Hatua ya 4: Tayarisha programu

Chagua FLAC. Inabana faili bila kutupa chochote cha sauti, na kutoka kwayo unaweza kutengeneza MP3 wakati wowote. MP3 haikupi njia ya kurudi. Najua simu yako na redio ya gari vinataka MP3. Tutafika huko hatua ya 9. Kazi ya kubadilisha diski 200 kwa mkono utataka kuifanya mara moja maishani.

Kwa fre:ac: ifungue, weka FLAC kama fomati ya kutolea, elekeza folda ya kuhifadhi, umemaliza. Inawatosha wengi, na mwanzo mzuri kwa asiyependa mambo mengi.

Kwa EAC: ukiifungua mara ya kwanza itakuongoza kuipima draivu. Chagua usahihi kuliko kasi pale itakapouliza, na ukubali FLAC. Kuna kitu kinachoitwa AccurateRip, ambacho hulinganisha nakala yako na za watu wengine duniani. Ili kiijue draivu yako kinahitaji kwanza CD moja iliyomo kwenye hifadhi yao. CD ya kwaya haitakusaidia hapo. Azima albamu yoyote iliyouzwa sana Marekani au Ulaya, uitie mara moja, basi.

Hatua ya 5: Toa nyimbo

Tia diski, subiri orodha itokee. Kwenye EAC chagua nyimbo zote, kisha "Test & Copy". Itasoma kila wimbo mara mbili na kulinganisha namba mbili za ukaguzi. Zikilingana, una nakala safi. Zisipolingana, kuna mahali draivu ilibahatisha.

CD nzima iliyo safi huchukua dakika kumi hivi, wakati mwingine ishirini. Iliyokwaruzwa inaweza kula saa nzima au zaidi, acha ifanye kazi. Ripoti ikisema diski haimo kwenye hifadhi ya AccurateRip, usishtuke: kwa CD za hapa hilo ndilo la kawaida, tegemea zile namba mbili.

Mambo ya kuepuka hapa:

- Kutoa nyimbo huku laptopu ikiwa bila betri. Stima ikipotea katikati, wimbo huo utakuwa nusu. Rudia huo mmoja tu, si albamu.
- Kukubali majina yaliyoletwa na intaneti bila kuyasoma. Hifadhi za majina huitambua CD kwa idadi na urefu wa nyimbo, si kwa kuisikiliza. CD yenye nyimbo chache inaweza kufanana urefu na nyingine kabisa, na ghafla kwaya yako ya Vihiga inaitwa albamu ya Kijerumani.
- Kukata vipande vya ukimya kati ya nyimbo. Rekodi za jukwaani huungana. Ukikata zitakwama kwaruu kila zinapopokezana.

Hatua ya 6: Andika majina

Hapa ndipo maktaba inapofaulu au kuharibika. Kila faili hubeba ndani yake maelezo yanayoitwa tegi: jina la wimbo, msanii, albamu, namba, mwaka, aina. Simu na redio husoma hayo, si jina la faili. Fungua folda ya albamu kwa Mp3tag, weka picha ya jaketi kando, anza kujaza.

*Msanii.* Chagua tahajia moja na usiiache. Chukua mwanabenga D.O. Misiani. Jaketi moja litaandika hivyo, jingine Daniel Owino Misiani, jingine D.O. 7 Shirati Jazz, jingine Shirati Jazz peke yake. Ukinakili kila jaketi lilivyo, simu yako itakuonyesha wasanii wanne, na ukitaka kumsikiliza utampata robo. Mimi huweka "D.O. Misiani & Shirati Jazz" kwa zote, kisha jina lilivyoandikwa kwenye jaketi nalitia kwenye nafasi ya maoni. Fungua faili la maandishi uorodheshe tahajia ulizochagua, ulitumie kama kamusi yako.

*Ng'.* Hili limewasumbua wengi bila wao kujua. Alama iliyo kwenye ng' inaweza kuwa ile iliyonyooka ya kibodi ya kompyuta (') au ile iliyopinda inayowekwa na baadhi ya simu na programu za kuandikia (’). Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Matokeo: Ong'ondo wawili, mmoja juu ya mwingine kwenye orodha, kila mmoja na nusu ya nyimbo. Tumia iliyonyooka kila mahali. Mp3tag inaweza kubadilisha zote kwa mpigo mmoja kupitia "Actions", kwa hiyo hata uliyokwisha kuyaharibu yanarekebishika.

*Msanii wa albamu.* Nafasi hii ni tofauti na ya msanii, na ndiyo inayoachwa wazi zaidi. Kwenye CD ya mkusanyiko, kila wimbo una mwimbaji wake, lakini msanii wa albamu lazima awe mmoja kwa nyimbo zote: andika "Wasanii Mbalimbali". Vivyo hivyo pale nyimbo tatu zina mwimbaji mgeni. Mgeni aende kwenye msanii wa wimbo, mwenye albamu abaki juu.

*Albamu.* CD nyingi za kwaya na za ohangla zinaitwa "Vol. 3" na basi. Ukiziandika hivyo, Vol. 3 za kwaya tano zitachanganyika kwenye programu zisizo makini. Tanguliza jina la kwaya: "Kwaya ya Mt. Fulani, Vol. 3". Na kama kwaya ina jina linalofanana na la mji mwingine, ongeza mji.

*Jina la wimbo.* Fuata jaketi, lakini sikiliza. Wachapaji walikosea sana Kijaluo na Kiluhya: maneno yaliyokatwa pasipofaa, herufi zilizoruka. Ukijua lugha, rekebisha. Usipoijua, mwite mtu anayeijua akae nawe jioni moja, kwani yeye pia atafurahi. Benga ya zamani ilitoka kwenye santuri ndogo za pande mbili, ndiyo maana wimbo mmoja hugawanywa sehemu ya kwanza na ya pili. Ziandike "Sehemu ya 1" na "Sehemu ya 2" kwa mtindo uleule kila mara.

*Mwaka.* Misiani alifariki 2006. Ukiona CD yake imeandikwa mwaka wa baadaye, huo ni mwaka wa kuchapa CD, nyimbo ni za zamani zaidi. Mwaka usioujua, acha wazi. Nafasi tupu ni bora kuliko mwaka wa kubuni, kwa sababu ukishauandika utakuja kuuamini.

*Aina.* Hifadhi za nje zitakuwekea "World" au "African" kwa kila kitu kutoka Cape Town hadi Cairo. Futa. Andika Benga, Ohangla, Omutibo, Rumba, Kwaya, Zilizopendwa. Halafu siku ukitaka gita la omutibo, ule mtindo wa Waluhya, peke yake, utalipata.

Ukimaliza albamu na una moyo, iingize kwenye MusicBrainz, hifadhi ya mtandaoni ya majina ya nyimbo. Akaunti ni bure, na atakayetia CD hiyohiyo baada yako atakuta majina yanamngoja.

Hatua ya 7: Majina ya faili na folda

Mp3tag itaunda majina ya faili kutoka kwa tegi, usiyaandike kwa mkono. Mpangilio unaofanya kazi: folda ya msanii, ndani yake folda ya albamu, ndani yake "01 Jina la wimbo". Sifuri ya mbele ni lazima, la sivyo wimbo wa 10 utatangulia wa 2 kwenye vifaa vingi.

Hatua ya 8: Kava na nakala

Kata ile picha ya jaketi iwe mraba, ipunguze hadi pikseli 600 au 1000 kwa upande, uitie kwenye tegi na pia kwenye folda kwa jina cover.jpg. Picha ya MB 5 ndani ya kila wimbo itajaza simu bure.

Kisha kopi kila kitu kwenye diski ya pili, leo, na uipeleke nyumba nyingine: kwa dada yako, kwa wazazi, popote. Nakala mbili zilizo kwenye droo moja zitaibwa pamoja. Na CD zenyewe usitupe. Zisimamishe kwenye sanduku mbali na jua, hasa zile za kuchoma, ambazo rangi yake ya ndani huharibiwa na mwanga.

Hatua ya 9: Za simu na za gari

Sasa ndipo unatengeneza MP3. Burutia FLAC kwenye fre:ac, chagua MP3 (encoder ya LAME), 256 kbps au V0 (kiwango bora cha LAME chenye kbps zinazobadilika), uzitoe kwenye folda tofauti kabisa. Usizichanganye na za FLAC, utaona kila wimbo mara mbili. Tegi na kava vitafuata vyenyewe.

Yakikwama

*Draivu haiioni diski, inazunguka tu na kukwaruza.* Jaribu draivu nyingine kabla ya kuilaumu CD. Kama ni ya USB kwenye laptopu kuukuu, huenda umeme wa tundu hautoshi: tumia waya wa vichwa viwili, au tundu la nyuma la kompyuta ya mezani.

*Wimbo una tik-tik au unaruka.* Safisha tena, punguza kasi ya kusoma hadi 4x, rudia wimbo huo pekee. Ikishindikana, dawa ya meno laini kidogo kwa upande wa chini inaweza kupunguza mkwaruzo mwembamba; sugua kutoka katikati kwenda nje, suuza vizuri.

*Albamu moja inaonekana vipande kumi kwenye simu.* Msanii wa albamu hayupo au hafanani. Rudi hatua ya 6.

*Nimerekebisha tegi lakini simu bado inaonyesha za zamani.* Simu inakumbuka orodha yake ya awali. Futa nyimbo, zima na kuwasha simu, kisha zirudishe.

*Redio ya gari haisomi flashi ya USB.* Flashi za zaidi ya GB 32 mara nyingi huja na exFAT, na redio nyingi zinataka FAT32. Ipange upya (format) kwa FAT32, ukikumbuka kwamba kuipanga kunafuta kila kitu kilichomo. Kama inacheza lakini majina hayatokei, hifadhi tegi kwa ID3v2.3 kwenye mipangilio ya Mp3tag; redio za zamani haziijui 2.4.

*Redio inacheza nyimbo bila mpangilio.* Redio za bei ya chini hufuata mpangilio ambao faili ziliingia kwenye flashi, hazijali namba. Futa, kisha kopi albamu moja moja, ukianzia wimbo wa kwanza.

*Diski imekataa kabisa, kila draivu.* Kama ulipiga picha jaketi, una majina na namba ya albamu. Iandike kwenye orodha ya zinazokosekana, ipeleke kwa jamaa na kwenye vikundi vya wapenzi wa benga, na uulize pia kaseti: albamu nyingi za miaka hiyo zilitoka kwa njia zote mbili, na kaseti ya shangazi huko Ugunja huenda bado inacheza.